Jino la Rangi ya Nyumbani

Nilikuwa kwenye bakuli la tatu jino liliponianza tena. Nilikuwa nimeinama juu ya meza ya kuonjea, nimevuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa ule mlio ambao wageni huuona ni ukosefu wa adabu, na kahawa ilipogonga kaakaa, jino la mbele likajibu. Halikupiga kelele. Maumivu mapya ndiyo hupiga kelele. Haya yangu yana miaka tisa, yamezeeka, yanaijua njia. Yalianzia kwenye ufizi, yakapanda kando ya pua, yakatulia chini ya jicho kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Kisha ikaja ladha. Maumivu nimeyazoea, lakini ladha hiyo sijaizoea na sitaizoea. Ni maziwa yaliyoshinda juani, yakatiwa kutu. Inatoka ndani ya mdomo wangu mwenyewe, na mimi ndiye ninayelipwa kwa kuonja. Nilitema kwenye ndoo, nikasukutua, nikatema tena.

"Eliwaza, la tatu vipi?" aliuliza Mzee Akyoo, mkuu wa chumba chetu.

"Lina usaha."

"Sijakuuliza mdomo wako una nini. Nauliza kahawa."

"Kahawa nzuri, mzee. Limau kwa mbali, asali ya nyuki wadogo. Usaha ni wangu."

Alinitazama juu ya miwani, akaandika limau na asali. Juu ya vichwa vyetu ile mashine tunayoiita Pua ilizunguka taratibu kwenye reli yake, ikinusa mabakuli yaleyale na kuyapa alama kabla sisi hatujameza mate. Pua hiyo ndiyo inayopanga kahawa yote ya mnada siku hizi. Sisi tumebakizwa watatu tu, kwa ajili ya magunia ya daraja la juu, kwa sababu wanunuzi wakubwa hawapendi kutoa pesa nyingi kwa neno la mashine ambayo haijawahi kutamani kikombe cha kahawa. Siku ulimi wangu ukifa, hakuna atakayenitafutia mrithi. Watashusha kiti changu stoo, basi.

Nilivunjika jino nikiwa na miaka kumi na tisa. Nyumbani tulikuwa na mashine ya zamani ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, na siku hiyo mnyororo ulikatika na mkono wa chuma ukarudi mdomoni mwangu. Nusu ya jino ilienda na maganda. Mama alilala kifudifudi kwenye lile rundo linalonuka akilitafuta, sijui alitaka kulifanyia nini.

Hapa lazima niseme habari ya meno yetu. Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Mlima Meru kabla ya mitambo ya kuchuja maji tuna meno ya kahawia. Siyo uchafu. Maji ya mlima yana floridi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi, yanatoka na madoa ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa mpaka kaburini. Kaka yangu, tumbo moja, alilelewa kwa shangazi Dodoma. Meno yake meupe pee. Watoto wa siku hizi wanakunywa maji yaliyochujwa, wote wanacheka meupe, na rangi yetu imebaki kwa sisi wakubwa. Na kama ilivyo kwa kila kitu kinachopotea, watu wakaanza kuipenda. Harusini inaimbwa. Wanasiasa wanaotafuta kura huku wanacheka mdomo wazi ili ionekane.

Basi Kliniki ya Meno Hai ilipofunguliwa mjini, dada wa mapokezi alikuwa na swali moja kwa kila mtu wa huku: rangi ya duka au rangi ya nyumbani? Mimi mdomo ulikuwa umevimba, mama akanijibia. "Ya nyumbani," alisema. "Sitaki mwanangu awe kama ukuta uliopakwa chokaa tofali moja."

Walituambia jino halipachikwi, linapandwa. Wanakwangua kipande kidogo cha shavu lako, wanakikuza kwenye tangi la ute, na baada ya miezi michache linakuwa jino hai lenye kiini, damu na mishipa yake ya fahamu. Wakilisimika kwenye taya, lenyewe linaitafuta mishipa yako na kujisuka nayo. Ni mwili wako unaorudi kwako, walisema, na mwili haujikatai. Tulipiga makofi. Mama alilia. Mwezi wa nne tangu lipandwe likaanza kuuma.

*

Dakta Gwakisa ana sauti nzuri na vidole vinavyonuka karafuu. Ametokea Mbeya, na kwa miaka yote hiyo amekuwa na jibu moja tu kwangu.

"Mfupa una kumbukumbu, dada Eliwaza. Unakumbuka lile pigo."

"Mfupa wangu ungekuwa na kumbukumbu hivyo ningefaulu shule. Leo nataka kuliona."

Alicheka, akanitia kifaa mdomoni, na jino langu likatokea ukutani likiwa na ukubwa wa mlango. Sijui kama umewahi kuona jino lako mwenyewe kwa ukubwa huo. Usione. Ufizi ulikuwa umelivimbia pembeni, mwekundu, unatoa unyevu mweupe uliopanda na kushuka kila moyo ulipopiga. Nilitaka kugeuza uso, lakini macho yangu yalinasa kwenye jino lenyewe. Lilikuwa na mistari ya kulala, mmoja juu ya mwingine. Kahawia, kahawia iliyokolea, kisha utepe mwembamba mweupe, kisha kahawia tena hadi mwisho.

"Hii nini?"

"Mistari ya ukuaji. Jino linajengwa tabaka kwa tabaka."

"Na rangi mmeitoa wapi?"

"Imo ndani ya seli zako," alisema kwa upole, kama anayenisomea shairi. "Ni rangi ya ukoo. Nyinyi Wameru mnazaliwa nayo."

Nilicheka mpaka jino likanichoma. Huko Mbeya, Dar, popote pengine, maneno hayo yangepita bila kuulizwa. Kumwambia mtu wa Meru!

"Nani kakwambia tunazaliwa nayo? Ni maji, Dakta. Maji anayokunywa mtoto mdogo, jino likiwa bado ndani. Kila bibi wa huku anajua. Tangi lenu mnalinywesha maji ya mlima?"

Aligeuka akatazama mlango.

"Na huo utepe mweupe? Tangi lilisafiri? Hili jino lilikunywa maji yetu, likaenda mahali yakawa maji mengine, likarudi likanywa tena. Hilo si tangi. Limekua kwenye mdomo wa mtoto."

Nilipoyasema hayo nilikuwa bado katika hali ya ubishi, nafurahia kumshinda msomi. Ni pale alipoinuka akafunga mlango ndipo maneno yangu mwenyewe yaliponifikia. Ulimi wangu, ambao kwa miaka tisa ulikuwa na tabia ya kwenda kulilamba jino hilo kila ninapofikiri, ulirudi nyuma ghafla. Ulijikunja kooni. Mdomo ni mdogo jamani, ulimi hauna pa kukimbilia.

Dakta Gwakisa hakuona aibu, na hilo ndilo lililonichefua kuliko yote. Alikaa, akaeleza kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni. Tangi linatoa meno meupe tu. Rangi haishiki kwenye jino la tangi, hata likitiwa maji ya mlima. Wateja wa huku walikuwa hawayataki meupe. Kwa hiyo walitafuta familia zilizo tayari, zenye mtoto mdogo, karibu na chemchemi ambayo haijafungwa mtambo. Mtoto anachomwa sindano ya dawa inayoitwa chipusho, taya linaamka, jino linaota upesi. Likitolewa, linaota lingine.

"Habaki kibogoyo hata siku moja," alisema. "Linaota tena na tena."

"Kama nyasi."

"Kama nyasi," alikubali, wala hakusikia alichokisema mwenyewe. "Na wazazi wanatia saini. Sheria inaliweka jino linaloota tena pamoja na nywele na kucha. Huwezi kumshtaki kinyozi."

Kisha akaniambia yaliyonihusu. Jino si la mwili wangu, na mwili ulilijua hilo tangu mwanzo. Ndiyo vita niliyoisikia miaka yote. Sasa vita imeingia kwenye mfupa. Masika yajayo taya litaanza kumong'onyoka. Njia ni mbili. Ya kwanza, ling'olewe. Lakini mishipa yake imejisuka na yangu mpaka kwenye kaakaa na ulimi, na ikitoka itatoka na vyote.

"Utakula uji na utakula pilau," alisema, "hutajua kipi ni kipi. Najua kazi yako, dada. Ndiyo maana sikupendekeza."

"Na ya pili?"

Alitoa kichupa cha kioo kwenye jokofu dogo. "Matone. Tumeyapata mwaka jana tu. Tone moja kila mwezi, na mwili unaliona jino kuwa ndugu. Onja kwanza, ndipo uamue."

Kabla sijasema ndiyo wala hapana, tone lilikuwa limeshadondoka kwenye ufizi.

Nitasema kweli, nilitamani kumbusu mikono. Maumivu yaliondoka. Yule mgeni wa chini ya jicho alikunja godoro lake akaenda, na uso wangu ukawa mwepesi, ukawa wangu, nikasikia baridi tamu ya hewa kwenye meno yangu yote bila woga. Machozi yalinitoka. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wanaishi hivi.

Halafu ulimi wangu, bila kuombwa, ukafanya kazi yake. Magadi. Maji mazito, yanayoteleza, yenye uchungu wa mwisho unaokaa nyuma ya koo. Maji ya upande wa nyuma wa mlima, siyo ya kwetu. Moshi wa mti wa mzeituni mwitu, ule wanaofukizia vibuyu vya maziwa. Na chini ya vyote hivyo, uvuguvugu. Mate.

"Hiki ni nini?"

"Ute wa ufizi wa mwenye jino," alisema.

Niliifikia sinki kwa bahati. Nilitapika chai, nikatapika mkate, nikatapika maji ya njano, nikajikwangua ulimi kwa kucha. Na wakati wote huo, jamani, jino halikuuma hata kidogo.

*

Magari ya Meno Hai yamepakwa rangi ya waridi, hayajifichi. Nilimuuliza mwenye duka wa kwanza upande wa nyuma wa mlima yanaposimama, akaninyooshea kidole kwenye nyumba ya bati jipya.

Mama Naanyu alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nilimwambia ukweli, kwamba natoka mjini na nadhani nina jino lililotoka kwake. Hakushtuka. Alinivutia kiti, akaita watoto wadogo waje waniamkie, wakaja wakaniamkia, wote meno meupe. Alichota maji ya chai kutoka kwenye dumu la bluu mlangoni. Pembeni yake kulikuwa na dumu la njano lililofungwa uzi mwekundu shingoni.

"Hilo je?"

"Hilo la Naanyu. Maji ya chemchemi." Alishusha mkono wa mtoto mdogo aliyelisogelea. "Sisi wengine hatuligusi. Linaharibu meno."

Alisema hivyo bila kupepesa, akinikorogea sukari. Nilikishika kikombe, nikakitazama, sikuweza kukinywa. Nyumba moja, madumu mawili, na mtoto mmoja anaujua uzi wake.

Naanyu aliingia akitoka shule, binti wa miaka kama kumi na minne, mrefu, kanga ndogo imefunika mdomo. Aliniamkia kwa adabu. Mama yake alipomwambia mimi ni nani, aliishusha kanga na kufungua mdomo bila kuombwa, kama aliyezoea kukaguliwa.

Nimeonja kahawa zilizooza, nimeonja kahawa zilizohifadhiwa na ngozi za mbuzi. Sijawahi kuzuia pumzi kama nilivyoizuia pale. Meno yalikuwa yameota yakisukumana, mengine kwa ubavu, mengine nyuma ya mengine, kama punje za mhindi uliokosa mvua. Mbele kulikuwa na pengo jipya na ncha ya kahawia tayari inachungulia. Fizi zilikuwa za zambarau, zimejaa vitundu vidogo vya sindano, na kila kitundu kilikuwa na unyevu wake. Na harufu. Maziwa yaliyoshinda juani, yakatiwa kutu. Miaka tisa nilidhani harufu ile ni yangu.

"Na wewe fungua," alisema.

Nilifungua. Alisogea, akainua mdomo wangu wa juu kwa kidole gumba, akatazama kwa utaratibu kuliko daktari.

"Hili ni langu," alisema. "Lile la mstari mweupe. Mama, si ule mwaka wa ukame tulipohamia kwa bibi Longido? La kwanza kabisa hili."

Mama Naanyu aliinama naye akatazama, akapiga makofi. "Kweli! Kumbe wewe ni ndugu yetu!" Akacheka kwa furaha ya kweli, akanishika bega. Nilitamani ardhi inimeze. Sijui kama kuna ukarimu uliowahi kunitia kinyaa kama ule, na kinyaa hicho kilikuwa cha nafsi yangu, kwa kuwa nilikaa pale nimechanua mdomo, naonwa, na jino lake linang'aa ndani yangu.

Mama Naanyu alipotoka kuleta mkaa, Naanyu alisogeza kigoda.

"Linakuuma?"

"Liliuma miaka tisa. Sasa natumia matone."

Alitikisa kichwa taratibu. "Kung'oa siyo kubaya sana. Wanatia ganzi. Matone ndiyo hawatii, wanasema ganzi inaingia kwenye ute na kuuharibu. Kila jino lililoko nje, kwenye mdomo wa mtu, lina sindano yake, kila mwezi. Wananishika wawili." Aligusa ufizi kwa nje, juu ya shavu, palepale lilipo langu kwangu. "Lako wanachoma hapa. Hapa panauma mpaka leo, tangu lilipotoka."

Nilisema pole, neno lile tunalompa mtu aliyejikwaa.

"Shangazi, mama anasema unaonja kahawa. Kahawa ina ladha gani?"

"Hujawahi kunywa?"

"Nakunywa. Ila tangu matone yaanze, nikila sijui nakula nini. Najua moto na baridi tu."

Nilimtazama mtoto huyo, na niliona aibu hadi masikioni, kwa sababu kilichonijia kwanza hakikuwa huruma. Kilikuwa hofu. Nilikuwa natazama nitakavyokuwa mimi jino likitoka.

"Nikiling'oa," nilisema, "utapunguziwa sindano moja?"

"Ukiwapa, hapana. Likitoka likiwa hai wanalipanda kwa mtu mwingine, na sindano inabaki ileile." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kulikuwa na mzee mmoja wa Usa River, alifariki. Jino lake sasa analo bi harusi."

Mama yake alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa amesikia mwisho wa mazungumzo, au alibahatisha.

"Ndugu yangu, usiyasikilize ya mtoto. Usiache matone. Hawa wadogo wote wanasoma kwa mdomo wa dada yao. Wateja mkikimbia, mimi nitawalisha nini?"

"Na Naanyu?"

"Naanyu ndiye aliyenitoa kwenye nyumba ya nyasi." Alisimama, akanikazia macho. "Wewe una mtoto?"

"Sina."

"Basi ukija kupata, ndipo uniulize hivyo."

Ningependa kusema nilimchukia. Nilichukia bati lake jipya, nilichukia uzi mwekundu, nilichukia chai niliyoiacha ikapoa. Yeye mwenyewe nilishindwa kumchukia, nikapanda gari nikiwa nimejikunja upande kwa kuogopa mate yangu.

*

Siku ya mnada mkubwa nilionja kama sijawahi kuonja. Hakukuwa na kutu, hakukuwa na usaha. Kila bakuli lilinifungukia. Niliipata bamia kwenye kahawa ya Mbinga, nikapata ganda la chungwa kwenye ile ya Kigoma, na kwenye gunia moja la kwetu, la mkulima mdogo nisiyemjua, nikapata harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Pua ilikuwa imelipa gunia hilo alama ya kati. Mzee Akyoo akalionja tena, akafuta alama ya Pua na kuandika yangu.

"Ulimi wako umerudi, mwanangu," alisema. Sijawahi kumsikia akiniita hivyo.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi sana, na furaha hiyo niliivuta mdomoni pamoja na kahawa, na kila mvuto ulipita juu ya jino la Naanyu ambalo lilikuwa kimya kwa sababu yeye alikuwa ameshikwa na watu wawili. Niliona picha hiyo kila nilipotema. Wanunuzi walinipongeza, mmoja akanishika mikono yote miwili. Nilitaka kumwambia anawe.

Nilijadiliana na nafsi yangu kama wanavyofanya watu wote wanaotaka kuendelea na uchafu wao. Nikiacha, wapo wengine. Sindano moja ni nini kwenye sindano zote zile? Nikiling'oa nitaua kazi, na bado Naanyu atashikwa kesho kwa ajili ya bi harusi. Hoja zote zilikuwa na akili. Tatizo lilikuwa kwamba kila nikizimaliza nasikia mate ya mtoto mdomoni, hata baada ya kupiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Nikazikubali hoja zote, na bado sikuweza kukaa na mdomo wangu.

Mwezi ulipokaribia kwisha maumivu yalianza kubisha hodi, na dada wa mapokezi akanipigia simu kunikumbusha tone langu. Nilimwambia nakuja.

"Nimekuja kung'oa," nilimwambia Dakta Gwakisa.

Alinibembeleza. Nampa haki yake, alinibembeleza kwa muda na kwa huruma, akanitajia kahawa, matunda, mapishi ya mama yangu. Alipoona sibadiliki aliniuliza mara ya mwisho, nikasema ng'oa. Akanitia ganzi, akavaa glovu, akachukua koleo.

Halikutaka kutoka. Lilishika kama kitu kinachojua kinachofanyika, na nililisikia likivutwa si kwenye ufizi tu, bali nyuma ya pua, chini ya ulimi, kwenye dari ya mdomo, nyuzi zikitoka moja moja polepole. Dakta alizungusha mkono na kurudi nyuma hatua nzima. Kisha likatoka, na pamoja nalo nyuzi nyeupe ndefu zilizolowa, laini kuliko nywele. Alilitia kwenye kisahani chenye ute. Nyuzi zikajinyoosha. Zikaanza kutambaa kwenye kioo, zikitafuta.

"Ona," alinong'ona, na sauti yake ilikuwa na mapenzi. "Zima kabisa. Hili lina miaka arobaini mbele yake."

"Nani analingoja?"

"Mwalimu mmoja wa kwaya. Ameanguka na pikipiki wiki iliyopita. Mama mzuri sana."

"Nilione," nilisema. Kwa ganzi ile maneno yalitoka yamevimba. "Mara ya mwisho."

Alinisogezea kisahani karibu na uso, maskini, kama mkunga anavyomwonyesha mzazi mtoto. Nililichukua kwa vidole viwili. Lilikuwa la moto. Nyuzi zilijizungusha kwenye kidole changu upesi, kwa kuamini. Nikalitia mdomoni na kufumba.

"Dada, hapana! Tema!" Kisahani kilianguka. Alinishika taya kwa mikono yote miwili, vidole vya karafuu vikajaribu kupenya kwenye kona za mdomo. "Litakufa humo! Tumbo litaliua! Tema!"

Niliuma meno niliyobaki nayo. Lilifika kooni likakwama. Nyuzi zilikuwa zimeshika, zinanishika, zinavuta kurudi juu, na mwili wangu wote ukainuka kwenye kiti kutaka kulitoa. Machozi na kamasi vilinishuka mpaka kidevuni. Nikameza mara ya pili. Nikameza mara ya tatu, nikiwa nimemkodolea macho Dakta, mpaka nikasikia limeachia na kushuka kifuani taratibu, lenye joto lake.

Aliniachia. Alikaa sakafuni katikati ya ute na vioo, akinitazama kama mtu aliyeona mnyama akila mtoto wake.

Mimi nililala nikingoja kichefuchefu. Damu ilikuwa imejaa mdomoni, niliiona ikidondokea kwenye kitambaa, nyekundu, nyingi. Niliivuta kwenye ulimi kwa ule mlio wetu wa kazini, nikaipitisha kwenye kaakaa, mbele, nyuma, pembeni, nikitafuta chumvi, nikitafuta chuma, nikitafuta hata maziwa yale na kutu yake.

Ilikuwa ya moto. Zaidi ya hapo sikupata kitu.